Fundi umeme na siri za mteja: sheria ya Kanada yasemaje?

Fundi umeme anapoitwa kutengeneza nyaya katika nyumba ya mtu, haondoki na malipo yake tu. Huondoka pia na jina la mwenye nyumba, anwani, namba ya simu, na pengine hata tarakimu za kufungulia mlango na saa ambazo nyumba huwa haina mtu.

Katika mtaa wa Kingsview Village, kaskazini-magharibi mwa jiji la Toronto, jambo hili lina uzito wake. Majengo marefu ya Dixon Road yamekuwa makazi ya familia nyingi za Kisomali tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Majirani wanapopeana jina la fundi, mtu mmoja aweza kuijua milango mingi ya jengo moja.

Ni sheria ipi inayohusika?

Ni sheria ya shirikisho ya kulinda taarifa binafsi, ijulikanayo kwa kifupi kama PIPEDA, iliyopitishwa mwaka 2000. Tangu tarehe 1 Januari 2004, sheria hiyo inahusu shughuli za biashara katika majimbo yasiyo na sheria yao inayofanana nayo. Jimbo la Ontario, ambamo Toronto imo, halina sheria ya namna hiyo kwa biashara za kawaida.

Udogo wa biashara si kinga. Fundi anayefanya kazi peke yake anawajibika kama inavyowajibika kampuni kubwa. Msimamizi wa sheria hiyo ni Kamishna wa Faragha wa Kanada.

Fundi anatakiwa kufanya nini?

Sheria imejengwa juu ya misingi 10. Kwa fundi, iliyo muhimu zaidi ni hii:

Kwanza, achukue taarifa anazozihitaji tu, na amweleze mteja sababu. Kubadilisha swichi hakuhitaji tarehe ya kuzaliwa.

Pili, asizitumie kwa shughuli nyingine bila ridhaa. Kumpa namba ya mteja rafiki auzaye madirisha ni kuivunja sheria.

Tatu, azilinde. Simu ya kazi iwe na neno la siri, na tarakimu za mlango zifutwe kazi inapokwisha. Ankara ni jambo jingine, kwani sheria ya kodi hutaka kumbukumbu za biashara zihifadhiwe kwa miaka 6.

Nne, mteja akitaka kujua ni taarifa zipi zake zilizohifadhiwa, ajibiwe katika muda wa siku 30.

Je, kuna taarifa ambazo ni lazima zitolewe?

Ndiyo. Mkandarasi wa umeme mwenye leseni katika Ontario hutakiwa kuiarifu Mamlaka ya Usalama wa Umeme, ESA, kuhusu kazi nyingi anazozifanya majumbani. Hapo sheria yenyewe ndiyo iagizayo, na ridhaa ya mteja haihitajiki. Mteja anayeomba kazi ifanywe kimyakimya ili anwani yake isifike kwa wakaguzi hajilindi. Anajinyima ukaguzi ambao ungeweza kuiepusha nyumba yake na moto.

Na simu ya fundi ikiibwa?

Tangu tarehe 1 Novemba 2018, taarifa zikipotea au kuibwa, na pakawa na hatari ya kweli ya madhara makubwa, fundi hana budi kumwarifu Kamishna pamoja na wateja waliohusika, mapema iwezekanavyo. Kila tukio, liwe dogo au kubwa, liandikwe na kumbukumbu yake ihifadhiwe kwa miezi 24. Anayekiuka masharti haya kwa kujua aweza kutozwa faini ya hadi dola 100,000 za Kanada.

Mteja aliyekosewa afanye nini?

Ni vyema aanze kwa kumwandikia fundi mwenyewe. Asiporidhika, aweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna bila malipo. Kamishna huchunguza na kutoa mapendekezo, na baada ya ripoti yake mlalamikaji aweza kwenda Mahakama ya Shirikisho kudai fidia.

Afrika Mashariki nayo imefuata njia hiyo. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Popote alipo, fundi aliyefunguliwa mlango amekabidhiwa amana, na sasa amana hiyo inalindwa na sheria.