Masanduku ya Bati: Habari ya Sadaka Yetu ya Vitabu

Katika mwaka huu wa maadhimisho, tumeona vema kuandika habari ya masanduku ya bati yaliyokaa ghalani, nyuma ya ukumbi wa hekalu letu, kwa kuwa vijana wengi hawaijui.

Wazee wetu waliotoka Gujarat walikuja na heshima kubwa kwa kitabu. Kitabu hakiguswi kwa mguu; kikiguswa kwa bahati mbaya, huombwa radhi. Siku ya Diwali wafanyabiashara huyaweka madaftari mapya ya hesabu mbele ya Lakshmi na Saraswati kabla ya kuandika neno. Huko Baroda, Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Tatu alimwita Mmarekani William Borden mwaka 1910 aanzishe maktaba za bure kwa raia wote. Maktaba kuu ilianza kwa vitabu vipatavyo 20,000 vya mfalme mwenyewe, na masanduku ya vitabu yakapelekwa hadi vijijini.

Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967. Miaka minne baadaye majengo yalitaifishwa, na jamaa wengi wakahama. Walioondoka waliacha vitabu vyao hekaluni: riwaya za Kigujarati, kamusi, vitabu vya shule. Tulivipokea kama amana, tukavifungia kwa kufuli. Miaka ikapita, wala hakuna aliyesoma hata ukurasa.

Hatimaye tuliamua kuvitoa. Tulipakia masanduku yote garini, tukayapeleka maktaba ya mkoa, nasi tukijiona watu wakarimu. Mkutubi alitukaribisha kwa adabu, akafungua sanduku la kwanza. Mchwa walikuwa wametutangulia. Katika masanduku yote alichagua vitabu vichache tu, kisha akauliza kwa upole, “Wazee wangu, hivi vingine mngewapa wajukuu zenu?”

Tuliona haya. Tulikuwa tumeheshimu karatasi, tukamsahau msomaji. Na tulichokiita sadaka kilikuwa kusafisha ghala.

Tangu siku hiyo tumebadili desturi. Kila mwaka, nyumba zinaposafishwa kabla ya Diwali, kwanza tunamwuliza mkutubi wanafunzi wanahitaji nini. Vitabu vinavyoletwa hukaguliwa kimoja kimoja, vilivyochanika hugundishwa, na vyote huwekewa jalada. Swali la mkutubi ndilo kipimo chetu. Vile vya Kigujarati vilivyonusurika vimepangwa kwenye rafu ukumbini, na mtu yeyote anaruhusiwa kuazima.

Tunawashukuru majirani zetu, Waislamu na Wakristo, ambao nao sasa huleta vyao. Sanduku moja la zamani tumelibakiza karibu na lango. Tumeling'oa kifuniko, ili lisifungwe tena.