Mawimbi ya tetemeko yanavyofichua miamba iliyo chini ya Mbeya

MKAZI wa Ilomba, jijini Mbeya, anayechimba msingi wa nyumba huiona ardhi ya mita moja au mbili tu. Kilichojificha chini ya hapo, kiwe majivu ya volkano, mchanga au mwamba mgumu, huchangia sana kuamua namna nyumba hiyo itakavyotikisika siku ya tetemeko la ardhi.

Ipo njia ya kukichunguza bila kuchimba: kupima mawimbi ya tetemeko yanayotambaa karibu na uso wa dunia.

Mawimbi hayo ni tofauti na yale yanayopenya hadi tumboni mwa dunia, nayo ni ya aina mbili. Ya kwanza yalielezwa na mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, mwaka 1885, nayo huizungusha ardhi juu na chini. Ya pili yalielezwa na Augustus Love mwaka 1911, nayo huitikisa kushoto na kulia.

Siri iko katika urefu wa wimbi. Wimbi fupi hugusa tabaka za juu tu, ilhali refu hufika chini zaidi, takriban theluthi moja hadi nusu ya urefu wake. Wimbi la mita 30 hueleza mita 10 hadi 15 za juu. La kilometa 15 hueleza kilometa tano hadi saba za gamba la dunia.

Kwa kuwa mwamba mgumu hupitisha mawimbi kwa kasi kubwa kuliko udongo laini, wataalamu hulinganisha kasi za mawimbi mafupi na marefu, kisha hukadiria ugumu wa miamba tabaka kwa tabaka.

Kwa kina kifupi, nyundo nzito hupigwa juu ya bamba la chuma na vipokezi vilivyopangwa mstari mmoja hunasa mtikisiko. Kwa kina kirefu, hutumika matetemeko ya mbali au mtikisiko hafifu usiokoma unaosababishwa na mawimbi ya bahari.

Mbeya ina sababu ya kuyajali hayo. Eneo hilo liko panapokutana matawi ya Bonde la Ufa ya Rukwa, Nyasa na Usangu, jirani na volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo. Desemba 13, 1910, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilitokea Rukwa. Desemba 2009, mfululizo wa matetemeko uliikumba Karonga, nchini Malawi.

Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti wa Tanzania, Malawi na Marekani walisimika vipimatetemeko nchi kavu na chini ya Ziwa Nyasa. Mawimbi hayo yalionyesha kuwa kasi hupungua chini ya volkano za Rungwe, jambo linalohusishwa na joto kali na mwamba ulioyeyuka kiasi.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Hutoa wastani wa eneo, na vipimo vilevile vinaweza kuafikiana na mipangilio kadhaa ya tabaka. Hivyo, kwa jengo kubwa, vipimo vya mawimbi huonyesha mahali pa kuchimba shimo la uchunguzi. Sampuli za shimo hilo ndizo huthibitisha.