Kiapo cha Mfasiri: Mazingatio Kutoka Karema

Mfasiri wa kiapo ni nani, na ni nani ampaye haki ya kuaminiwa? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la wanasheria peke yao. Lakini historia ya Karema, katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, yatukumbusha kuwa latuhusu pia sisi tuchunguzao lugha.

Mwezi wa Agosti 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika Karema kuanzisha kituo cha Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoundwa Brussels mwaka 1876 chini ya Mfalme Leopold II. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Wenyeji walikuwa Wabende na jirani zao Watongwe na Wafipa. Wageni walikuja na Kifaransa. Na Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara itokayo pwani. Mahali kama hapo neno lilivuka mito miwili kabla ya kumfikia asikiaye, na kila kivuko kilikuwa na mvushaji wake.

Hatari ya hali hiyo yaonekana wazi katika mapatano ya Usagara. Mwezi wa Novemba 1884 Karl Peters alimtilisha saini Mangungu wa Msovero. Hati yenyewe yadai kwamba mkalimani Ramazani alimfafanulia Mangungu maneno yote barabara. Lakini Ramazani alikuja na Peters. Hatusemi kwamba alidanganya. Twasema kwamba hati haionyeshi ni nani aliyempima. Aliyemwajiri ndiye aliyemthibitisha.

Baada ya uhuru, sheria ya mahakama za mahakimu ya 1963 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za mwanzo, na sheria ya viapo ya 1966 ikamtaka mkalimani aape mbele ya mahakama. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo hukagua na kuthibitisha tafsiri. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla.

Hapa yapasa kutenga mambo mawili. Kiapo hufunga nia ya mtu. Hakipimi ujuzi wake. Mtu mwaminifu asiyejua tofauti ya dhamana na rehani atakosea kwa moyo safi. Ithibati nayo hupima ujuzi, lakini haimfungi mtu kusema kweli. Mfasiri wa kiapo hana budi kuwa na yote mawili, na ampimaye asiwe yule amlipaye. Ubelgiji wenyewe, nchi ya Cambier, uliweka daftari la taifa la wafasiri wa kiapo kwa sheria ya 2014 tu.

Leo Karema ina bandari mpya inayoitazama Kongo. Mfanyabiashara wa Kalemie na karani wa Karema husemezana Kiswahili bila mkalimani. Bali hati za serikali ya Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Midomo imekwisha kuelewana; karatasi bado. Kazi ya kuandaa mitihani ya wafasiri hao, na istilahi zao, yatuangukia sisi wa vyuo. Tukiiacha, muradi wa hati utabaki mikononi mwa yeyote asemaye, kama ilivyokuwa Msovero, kwamba yote yamefafanuliwa barabara.