Shamba Namba 64

Eldoret ilizaliwa mahali ambapo hapakumtamanisha mkulima. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeupima uwanda wa Uasin Gishu, ikaukata mashamba na kuyapa namba ili igawie walowezi. Namba 64 udongo wake ulikuwa hafifu. Basi mwaka 1910, posta ilipohitaji kiwanja, ikapewa huko.

Wateja wa posta hiyo wengi walikuwa Makaburu. Kundi lao kubwa lilitoka Afrika Kusini mwaka 1908 likiongozwa na Jansen van Rensburg: meli hadi Mombasa, treni hadi Nakuru, kisha magari ya maksai kupanda mlima kwenye matope na misitu, hata barabara hakuna. Ardhi waliyogawiwa haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Wamaasai waliwahi kuchunga pale, kisha Wanandi, na hao Wanandi walikuwa wamevunjwa nguvu miaka michache tu nyuma, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905, wakasukumwa kwenye rizavu.

Wenyeji waliisikia namba ya Kizungu wakaitamka walivyoweza: Sisibo. Wapo wanaoshikilia kwamba 64 ni maili za kutoka stesheni ya Kibigori, si namba ya shamba. Vyovyote iwavyo, Sisibo ikakaa.

Benki nayo ina kisa chake. Inasimuliwa kwamba sefu ya Standard Bank ilianguka chini ikishushwa garini, na kwa uzito wake hakuna aliyeweza kuisogeza. Meneja, J. C. Shaw, hakuhangaika nayo; aliiacha pale pale, akajenga kuta za udongo kuizunguka. Ndiyo ikawa benki.

Mwaka 1912 gavana aliamua mji uwe makao ya utawala, na namba haikufaa tena kwenye barua za serikali. Likatafutwa jina la Kimaasai, eldore, mto wa mawe, kwa ajili ya Sosiani unaopita mjini juu ya miamba, likaongezewa -et ya Kinandi mwishoni. Kejeli iliyoje: watu wamehamishwa, lugha zao zikabakizwa kupamba kibao!

Reli ilifika mwaka 1924, na mazao ya uwanda yakapata njia ya kushuka pwani bila maksai. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliikabidhi Eldoret hati ya jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.