Kiongozi hutoka kwa Mungu: Wakristo wanamaanisha nini wanaposema hivyo?

Kila uchaguzi unapopita, uwe wa mwenyekiti wa kitongoji au wa rais, kuna kauli haikosi kusikika. Inasikika mahubirini, inasikika msibani, na sisi hapa studio tunaisikia kwenye simu za wasikilizaji: kiongozi hutoka kwa Mungu. Mmoja huitoa kumfariji aliyeshindwa. Mwingine huitoa kumnyamazisha anayeuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Maneno ni yale yale, lakini kazi zake ni mbili tofauti kabisa, na ndiyo sababu tumeona tuyaandikie.

Hatuandiki ili kumhubiria mtu. Mkoa wetu wa Mara una Wakristo wa madhehebu mengi, una Waislamu, na wapo wanaoshika mila za wazee wao. Tunachofanya ni kueleza imani ya Kikristo inafundisha nini juu ya Mungu na wenye madaraka, na inaishia wapi.

Wazo lenyewe si geni huku kwetu. Hata kabla ya wamisionari, wazee hawakuutenga uongozi na mambo yasiyoonekana. Ukiwauliza Waikizu asili ya utemi wao watakutajia Nyakinywa, mwanamke aliyekuwa na nguvu ya mvua. Utemi na mvua vilikwenda pamoja. Mtemi aliheshimiwa, ila mvua ikigoma watu walijua pa kwenda kuuliza.

Mkono usioonekana

Andiko linalotajwa sana ni Mithali sura ya 21, mstari wa kwanza, linaloufananisha moyo wa mfalme na mifereji ya maji iliyo mkononi mwa Bwana. Anayemwagilia bustani ya nyanya kando ya mto anaelewa haraka. Maji yanakwenda yenyewe, hayajui kama yameongozwa, lakini jembe la mkulima ndilo lililochora njia. Wakristo wanaamini Mungu anaweza kuelekeza maamuzi ya mtawala bila mtawala kujua, na hata bila yeye kumwamini.

Mfano wake mkubwa katika Biblia ni Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliyeiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Kitabu cha Ezra kinaeleza kwamba ndiye aliyewaruhusu Wayahudi waliokuwa uhamishoni warudi kwao wakajenge upya hekalu. Nabii Isaya, sura ya 45, anamwita mpakwa mafuta wa Bwana, na hapo hapo anasema kwamba mfalme huyo hakumjua Mungu. Kitabu cha Esta kinakwenda mbali zaidi. Katika maandiko yake ya Kiebrania, jina la Mungu halitajwi hata mara moja. Kuna mfalme aliyekosa usingizi, kuna kumbukumbu za ikulu zilizosomwa usiku huo, kuna malkia aliyejipa moyo akaingia bila kuitwa, na taifa zima likaokoka. Msomaji anaachiwa mwenyewe aone mkono uliokuwa kazini.

Lakini Biblia hiyo hiyo ina upande ambao kauli yetu ya mitaani huuruka. Katika Hosea sura ya 8, Mungu analalamika kwamba watu wamejiwekea wafalme bila yeye. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 8, Waisraeli wanadai mfalme, na Samweli anawasomea gharama yake mapema: atachukua vijana wenu, mashamba yenu na sehemu ya mazao yenu. Mungu aliwakubalia, lakini kukubali huko hakukuwa sifa. Ndiyo maana wanateolojia hutenganisha kile Mungu anachokitaka na kile anachokiruhusu kitokee. Ndugu zake Yusufu walimuuza, na kosa lao lilibaki kuwa kosa, ingawa mwisho wake Mungu aliligeuza likawa njia ya kuokoa watu na njaa. Atakayesema kwamba kwa kuwa mema yalitoka humo basi kumuuza ndugu kulikuwa halali, hakuisoma hadithi mpaka mwisho.

Kuna pia barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya 13, ambayo viongozi wengi wanaipenda kuliko maandiko yote. Humo Paulo anafundisha kwamba mamlaka imewekwa na Mungu, kwa hiyo itiiwe na ilipwe kodi. Aliyaandika hayo wakati Kaisari alikuwa Nero, si mtu mwema hata kidogo. Wanaoisoma haraka huishia hapo. Mstari wa nne, hata hivyo, unampa mtawala cheo cha mtumishi wa Mungu, na unaeleza kwamba utumishi huo ni kwa ajili ya mema ya raia. Mtumishi ana bosi, na ana kazi aliyopewa. Halafu katika Matendo ya Mitume sura ya 5, Petro na wenzake walipokatazwa kuhubiri, walijibu kwamba kumtii Mungu kunatangulia kumtii mwanadamu. Wakapigwa viboko, wakarudi kuhubiri.

Madhehebu yetu hayaisomi kwa namna moja

Ukipita Ikizu na Majita, ambako Waadventista Wasabato wana historia ndefu, utakutana na watu wanaoijua sanamu ya Danieli sura ya 2 kama wanavyolijua shamba lao. Kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, nyayo za chuma na udongo. Kwao ni Babeli, Wamedi na Waajemi, Wayunani, Warumi, kisha falme zilizogawanyika, mpaka lije jiwe lisilochongwa na mikono. Fundisho wanalolichota humo ni kwamba hakuna serikali inayodumu milele, na ndiyo sababu Wasabato wamekuwa wakisisitiza kanisa na dola visichanganywe.

Wamennonite nao, ambao wamisionari wao walianza kazi Shirati mwaka 1934, walizaliwa Ulaya katika karne ya 16 wakiteswa na serikali zilizojiita za Kikristo. Kumbukumbu hiyo iliwafanya wawe waangalifu sana na upanga wa dola. Wanaiheshimu serikali, wanaiombea, lakini katika mapokeo yao Mkristo hachukui silaha kwa niaba yake. Wakatoliki na Waanglikana wanatazama siasa kwa karibu zaidi, kama mahali ambapo mwamini anaweza kumtumikia Mungu. Na hapo hatuna haja ya kutafuta mfano mbali.

Mtumishi wa Mungu wa Butiama

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, na alibatizwa Mkatoliki mwaka 1943, akiwa kijana mtu mzima. Aliongoza nchi hadi 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na kaburi lake liko Mwitongo. Mwaka 2005, baada ya kupita miaka mitano ambayo kanuni za Kanisa Katoliki hudai kabla ya kuanza, mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa kupitia Jimbo Katoliki la Musoma. Tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Cheo hiki kinachanganya wengi, na si ajabu, kwa sababu kinafanana na kile alichokitumia Paulo. Lakini ni vitu viwili. Kwa Paulo, kila mwenye mamlaka ana kazi ya utumishi, awe anaifanya vizuri au vibaya. Kwa Kanisa, hilo ni jina la hatua ya kwanza kabisa ya uchunguzi, na hupewa mtu aliyekwisha kufa. Halitolewi kwa rais aliye madarakani. Kanisa halijasema ujamaa ulikuwa mpango wa Mungu, wala kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilishuka kutoka mbinguni. Linachochunguza ni mtu: je, aliishi imani, matumaini, mapendo, haki na kiasi kwa kiwango kisicho cha kawaida, akiwa na madaraka makubwa namna ile mikononi?

Wanaomtetea wanataja maisha yake ya sala, Misa alizozihudhuria mara kwa mara, kuishi bila kujilimbikizia mali, na tenzi alizozitunga kwa Kiswahili kutokana na Injili na Matendo ya Mitume. Na yapo ya upande wa pili, ambayo kanuni zinataka yasikilizwe pia. Sheria ya Kuwekwa Kizuizini ya mwaka 1962 iliruhusu mtu kufungwa bila kupelekwa mahakamani. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, familia nyingi nchini zilihamishwa kwa nguvu. Kwa maoni yetu, Mkristo anayempenda Mwalimu hapaswi kuyaogopa mambo hayo. Mchakato unaosikiliza malalamiko ya raia dhidi ya kiongozi ni ushahidi kwamba hata Kanisa lake halimchukulii kama mtu asiyeulizwa.

Mwenyewe hakulipa kanisa nafasi ya kukaa kimya. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba kanisa lisiposimama upande wa maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, watu wataiona dini kama kitu cha wenye nguvu. Maryknoll si wageni Mara. Mapadre wa shirika hilo walifanya kazi Musoma kwa miaka mingi.

Mtawala aliyesema ameoteshwa

Ng'ambo ya ziwa, miaka hiyo hiyo, kulikuwa na mtu aliyedai kumsikia Mungu waziwazi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini, akaeleza kwamba maagizo ameyapata ndotoni kutoka kwa Mungu. Maelfu kwa maelfu waliondoka wakiacha nyumba na biashara, na uchumi wa Uganda ukaporomoka.

Wakristo wa Uganda walifanya nini na Warumi 13? Waliendelea kumwombea Amin. Lakini Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia barua wakilalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda, na sanamu ya Luwum imesimama mbele ya kanisa la Westminster Abbey, London, kati ya mashahidi wa imani wa karne ya 20. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia nchi, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Wengi walishangaa. Kwake, kumsamehe mtawala na kuyapinga matendo yake havikugombana.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Aprili 1979 wanajeshi wa Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, waliingia Kampala. Wako Wakristo wanaosema Mungu alimwondoa Amin kwa mkono wa Tanzania, na kwa imani yao wana haki ya kusema hivyo. Tunaona vema kuongeza jambo moja. Nyerere alipolitangazia taifa vita, alieleza sababu, uwezo na nia. Hakudai ndoto. Aliweka mezani hoja ambazo raia angeweza kuzipima, na baadaye taifa likabeba gharama yake kwa miaka kadhaa.

Baada ya kuomba

Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timotheo sura ya 2, anaagiza wenye mamlaka waombewe ili watu waishi kwa utulivu. Makanisa yetu yanafanya hivyo kila wiki, na wimbo wa taifa wenyewe ni sala, uliotokana na wimbo wa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini, wa mwaka 1897. Wachungaji wengi wanafundisha kwamba sala hiyo huombewa ofisi, yeyote atakayekaa humo na wa chama chochote. Ndiyo maana Mkristo anaweza kumwombea Jumapili mwenyekiti ambaye hakumpigia kura.

Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: ukishaomba, ukiuliza tena umekosa imani? Kwa mafundisho tuliyoyapitia, hapana. Samweli alimwombea Sauli, na bado alimwendea usoni kumwambia amekosea. Nathani alifanya hivyo kwa Daudi. Kwa hapa kwetu, mahali pa kuuliza pamewekwa na sheria. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa, na mwananchi hunyoosha mkono. Mama wa kwaya anayenyoosha mkono hapo kuuliza bei ya mabati ya darasa hampingi Mungu aliyeweka mamlaka.

Kuhusu Mwalimu, kazi bado inaendelea. Ili atangazwe Mwenye Heri, kwa kawaida hudaiwa muujiza mmoja uliothibitishwa kutokea kwa maombezi yake, na mwingine baada ya hapo ndipo aitwe Mtakatifu. Kila tarehe 1 Juni waamini hukusanyika Namugongo, Uganda, kuombea mchakato huo, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Wapo wanaosafiri kutoka mkoa huu.