Benki Iliyoanguka Ndani ya Mchezo

Mwanzoni mwa Agosti 2007, wateja wa Ginko Financial walikimbilia kutoa akiba zao. Pesa zikaisha kabla wateja hawajaisha. Benki hiyo haikuwa na jengo katika mji wowote duniani: ilikuwa ndani ya Second Life, ulimwengu wa kompyuta uliofunguliwa mwaka 2003 na Linden Lab, kampuni ya San Francisco.

Sarafu ya humo ni Dola ya Linden. Mchezaji huinunua kwa pesa halisi, kisha hulipia nguo, nyumba au kiwanja, vyote vikiwa picha tu kwenye skrini. Muuzaji naye huzipeleka sarafu LindeX, soko la kubadilishia fedha lililoanza mwaka 2005, akapata dola za Marekani. Hapo ndipo ilipojitenga na sarafu za michezo mingi, ambazo mtu akishazinunua hawezi kuzigeuza tena kuwa pesa. Kampuni yenyewe ndiyo inayotoa sarafu. Thamani yake ikipanda, huuza zaidi sokoni. Nyingine huziondoa kwenye mzunguko kwa ada ndogondogo, kama ile ya kuingiza picha. Kwa miaka mingi dola moja ya Marekani ilikwenda kwa sarafu 250 hadi 270 hivi. Ni kazi ya benki kuu hasa, ila mwenye kuifanya ni kampuni ya biashara.

Wapo waliotajirika. Ailin Graef, mzaliwa wa China aliyeishi Ujerumani, alijulikana humo kwa jina la Anshe Chung. Alinunua ardhi, akaikata viwanja, akauza na kupangisha. Mei 2006 jarida la BusinessWeek likamweka kwenye jalada, na Novemba akatangaza kuwa mali yake imevuka dola milioni moja.

Julai 2007 Linden Lab ikapiga marufuku kamari ndani ya mchezo. Hofu juu ya uchumi wa humo ikaingia, watu wakadai amana zao, na Ginko, iliyokuwa ikiahidi riba ya zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka, ikashindwa kulipa. Riba ya namna hiyo ni vigumu kuilipa bila kuchota amana za wateja wapya. Kwetu mpango kama huo ungeitwa upatu. Kiasi kilichokwama kilikadiriwa kuwa dola 750,000 za Marekani.

Januari 2008 kampuni ikaamua kwamba atakayeahidi riba lazima aonyeshe kibali cha serikali. Uamuzi huo ulichelewa. Masharti ya mchezo yalisema kwamba Dola ya Linden si fedha bali ni leseni ya kutumia huduma, na waliopoteza akiba zao Ginko hawakufidiwa na Linden Lab.