Asili ya Hesabu za Sehemu

Walimu wenzetu, katika masomo ya hesabu hapana liwatoalo watoto machozi kama hesabu za sehemu. Sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi tuliulizwa ni fungu lipi lililo kubwa, robo au thumni. Tukajibu upesi kwamba ni thumni, kwa kuwa nane hupita nne. Tulichapwa fimbo, wala hatukuambiwa tumekosea wapi. Basi tumeona vema kueleza jinsi hesabu hizi zilivyoanza, ili tujue kama kosa lilikuwa la mtoto au la njia aliyofundishwa.

Sehemu hazikuanzia ubaoni, bali katika kugawana. Huko Misri, yapata mwaka 1550 K.K., mwandishi mmoja jina lake Ahmose alinakili juu ya mafunjo hesabu za maandiko yaliyokuwa ya kale zaidi. Mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor na Alexander Henry Rhind mwaka 1858, na sehemu yake kubwa imo katika British Museum mjini London.

Ndani yake mna maswali ya kuwagawia mikate watu kumi. Swali mojawapo ni la mikate 6 kwa watu 10. Mtoto wetu huandika 6/10, asijue mtu atatiwa nini mkononi. Mmisri alijibu: nusu na sehemu ya kumi. Tukitaka kulitenda jibu hilo, twakata mikate 5 nusu nusu, zikawa nusu 10. Na mkate uliosalia twaukata vipande 10. Kila mtu hupata vipande viwili vilivyo sawasawa na vya mwenzake, wala hapana wa kunung'unika.

Na ule mstari utenganao tarakimu ya juu na ya chini je? Ulikuja nyuma sana. Al-Hassar, mwana hesabu wa Maghribi, aliutumia katika karne ya 12. Kisha Leonardo wa Pisa, aliyefunzwa hesabu mjini Bugia katika Afrika ya Kaskazini, akautia katika kitabu chake cha mwaka 1202. Tangu mikate ya Ahmose hata mstari huo ilipita miaka zaidi ya 2,600. Nasi twampa mtoto mstari siku ya kwanza, na mkate hatumpi kabisa!

Lugha yetu nayo yatufundisha neno lile lile. Robo na thumni ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, la kwanza latokana na nne, la pili na nane. Katika sheria ya Kiislamu ya urithi, mjane ambaye mumewe hakuacha mtoto hupata robo ya mali. Mume akiwa ameacha mtoto, hupata thumni. Mjane huyo hata kama hajui kusoma, hawezi kudanganyika kwamba thumni ni kubwa kuliko robo, kwani ajua ya kuwa wagawanao wakizidi, fungu hupungua.

Wazee wetu wa pwani pia walipima nafaka kwa pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Aliyekwenda sokoni kununua kibaba alikuwa amekwisha kuishika robo mikononi kabla hajaiona imeandikwa.

Kwa hiyo, ndugu walimu, yatupasa kuanza palipoanza mambo yenyewe. Mtoto na apewe muhogo, au ukanda wa karatasi, aukate mafungu manne yaliyo sawa. Kisha mwingine wa kadiri ile ile aukate manane. Aweke kipande kando ya kipande, aseme mwenyewe lipi ni kubwa. Akiisha kusema, ndipo tumwandikie 1/4 na 1/8. Hapo fimbo haitakuwa na kazi, na mtoto hatasahau alichokikata kwa mkono wake.